Kabla ya Kumlaumu Mfanyakazi, Tazama Ulivyoipanga Kazi

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru hugeuka kuwa mabunge madogo. Baba anataka mwanawe awe mhandisi, mama anataka daktari, na mtoto mwenyewe anasema angependa kusomea saikolojia ya watu mahali pa kazi. Hapo baba huweka kikombe cha chai mezani na kuuliza: "Yaani unataka kwenda kuwatibu wendawazimu?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kujua fedha zake zinakwenda kununua elimu gani. Jumapili ya leo tujaribu kumjibu.

Saikolojia ni elimu ya nafsi na mienendo ya binadamu. Tawi lake linalohusu kazi huuliza maswali ambayo kila mwajiri hujiuliza akiwa kitandani usiku. Kwa nini watu wawili wanapata mshahara mmoja, lakini mmoja hujituma na mwingine hutega? Kwa nini karani hodari hulegea ghafla akiletewa msimamizi mpya? Kwa nini duka hili hukaa na wafanyakazi wake miaka kumi, na lile la jirani hubadilisha kila mwezi?

Wengi wetu tunalo jibu tayari mfukoni: "Watu wa siku hizi ni wavivu." Elimu hii inatushauri tusiharakishe hivyo. Kabla ya kumlaumu mtu, tazama ulivyoipanga kazi yenyewe.

DEBE HALINA MACHO

Hebu tuanze na mfano wa shambani. Msimu mkuu wa kahawa katika Nyeri ni miezi ya Oktoba hadi Desemba. Vibarua huingia mashambani alfajiri, na aghalabu hulipwa kwa debe. Mwenye shamba anataka matunda mekundu yaliyoiva vizuri, kwa sababu hayo ndiyo yanayoleta bei nzuri. Lakini debe halina macho. Debe la matunda mekundu matupu na debe lililochanganywa na mabichi humpatia mchumaji fedha zile zile, na kuchagua tunda moja moja humpotezea muda.

Basi jioni, kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, utamwona mwenye shamba amemwaga kahawa yake chini akiichambua, huku akimlaani kibarua aliyekwishaondoka. Lakini je, kibarua amekosa nini? Amefanya kile alicholipwa kukifanya. Alilipwa kujaza debe, naye amelijaza.

Mtu aliyesoma saikolojia ya kazi hangeanza kwa mahubiri. Angemshauri mwenye shamba ahesabu madebe baada ya kahawa kuchambuliwa, awaeleze wachumaji mapema asubuhi, na aongeze malipo ya kila debe, kwa kuwa kuchuma kwa kuchagua ni kazi ya polepole. Akikaza masharti bila kuongeza malipo, hiyo si elimu bali ni dhuluma, na vibarua wataihamia shamba la jirani kabla ya Ijumaa.

WASICHANA WATANO WA CHICAGO

Wanafunzi wa elimu hii hawakosi kusimuliwa habari za kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago huko Marekani, kilichotengeneza vifaa vya simu. Kuanzia mwaka wa 1924 wataalamu walijaribu kuongeza na kupunguza mwanga wa taa ili waone kama kazi itabadilika. Kilichowashangaza ni kwamba nyakati nyingine kazi iliongezeka hata mwanga ulipopunguzwa.

Mwaka wa 1927 wakawatenga wasichana watano katika chumba kidogo, wakawa wakibadilisha saa zao za kupumzika na za kutoka kazini. Kazi yao ikazidi kupanda kwa miaka kadhaa. Elton Mayo, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, akaeleza kwamba binadamu hufanya vyema anapohisi kuwa anatazamwa, anasikilizwa na ni mmoja wa kundi.

Somo hilo ni zuri, lakini mwanafunzi hodari hasomi ukurasa mmoja akafunga kitabu. Wawili kati ya wasichana wale waliondolewa mapema mwaka wa 1928 kwa kuwa walizungumza mno, na wengine wakaletwa mahali pao. Isitoshe, malipo yao yalibadilishwa: badala ya kuchanganywa na umati mkubwa wa wafanyakazi, malipo ya ziada yalihesabiwa kwa kundi lao dogo peke yake, hivyo kila mmoja aliona faida ya jasho lake. Wataalamu wa baadaye wamezipitia upya takwimu zile na kupunguza sifa zake nyingi. Meneja anayedhani kwamba kumpiga mfanyakazi bega na kumwita "rafiki yangu" kunatosha mahali pa mshahara, hajaelewa habari ya Hawthorne.

MSHAHARA NA HESHIMA

Aliyetenganisha mambo hayo mawili vizuri ni Frederick Herzberg. Katika kitabu alichokitoa na wenzake mwaka wa 1959, alieleza mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Kila mmoja aliombwa asimulie wakati alipoifurahia sana kazi yake, na wakati alipoichukia.

Walipotaja machungu, walitaja wakubwa wasumbufu, kanuni za ovyo, mazingira mabaya na malipo. Walipotaja furaha, walitaja kazi waliyoikamilisha, sifa waliyopewa na jukumu waliloaminiwa nalo. Herzberg akasema kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kuondoa machungu hakuleti furaha yenyewe; huondoa manung'uniko tu. Vilevile, sifa tamu haziwezi kufunika mshahara unaochelewa. Wapo waliompinga tangu siku hizo, lakini kwa mwajiri wa kawaida mpangilio wake ni wa busara: lipa kwanza, na kwa wakati, kisha ndipo usifu.

MAUA NA UKABILA

Sasa tuje nyumbani, kwenye jambo zito zaidi. Wakazi wa Nanyuki na Timau wanayajua mashamba ya maua na jinsi yanavyokusanya wafanyakazi wa makabila mbalimbali chini ya paa moja. Mtaalamu wa uchumi, Jonas Hjort, alichunguza kumbukumbu za wafanyakazi 924 wa kampuni moja ya maua humu Kenya, na akachapisha uchunguzi wake mwaka wa 2014.

Watu walifanya kazi watatu watatu. Mmoja aliwagawia wenzake wawili maua, nao wakayafunga mashada. Mgawaji alilipwa kufuatana na mashada ya wote wawili, na kila mfungaji alilipwa kwa mashada yake mwenyewe. Ilidhihirika kwamba mgawaji alimpendelea mtu wa kabila lake na kumnyima yule mwingine, hata kama kufanya hivyo kulimpunguzia yeye mwenyewe malipo. Fikiria hayo, msomaji: mtu anakubali kupoteza shilingi zake ili mwenzake asipate! Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, upendeleo huo ulizidi.

Mwaka wa 2008 wakubwa wa kampuni walibadilisha malipo, wafungaji wawili wakawa wanalipwa kwa jumla ya mashada yao pamoja. Tangu hapo kumpa mmoja maua mengi hakukumzidishia chochote kuliko mwenzake. Katika makundi yenye wafungaji wa makabila mawili, kazi ikaongezeka. Katika makundi mengine ilipungua kidogo, maana wapo waliotegea jasho la wenzao.

Simulizi hiyo haisemi kwamba chuki ilitoka mioyoni. Inasema kwamba jinsi kazi inavyopangwa inaweza kuipa chuki nafasi au kuinyima. Katika nchi yetu, ambamo kila baada ya miaka mitano tunatazamana kwa wasiwasi, hilo si jambo dogo. Meneja anayejua kupanga makundi na malipo anaweza kulinda amani kazini pale ambapo hotuba zimeshindwa.

HATA JIKONI KWAKO

Usidhani kwamba haya ni ya makampuni peke yake. Ukiwa na msaidizi wa nyumbani, wewe pia ni mwajiri. Unamlalamikia kwamba amechoma ugali na hasikii anapoitwa. Je, umewahi kumwambia kazi yake inaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi? Anaamrishwa na nani: mama, baba, au kila mtoto aliyejifunza kusema? Mara ya mwisho ulimshukuru lini mbele ya wageni?

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamlinda yeye pia. Kabla ya kumwachisha mfanyakazi kwa kosa au kwa kazi mbaya, mwajiri anatakiwa amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu aje na mwenzake. Wanaopuuza sharti hilo wamejikuta mbele ya Mahakama ya Ajira, ambayo ina kituo chake hapa mjini Nyeri. Yale ambayo saikolojia huyaita busara, sheria imeyafanya wajibu.

KWAKO MWANAFUNZI

Ukitaka kuifuata njia hii, jitayarishe kwa hesabu za takwimu, kwani bila hizo utabaki kuwa msimulizi wa hadithi za watu. Katika likizo, omba kazi hata ya vibarua, uonje mwenyewe utamu na uchungu wa kuamrishwa. Siku hizi hakuna haja ya kudhani elimu ya juu iko Nairobi pekee. Dedan Kimathi ilipata kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2012, na Karatina mwaka wa 2013. Kabla ya kulipa karo popote, uliza mambo mawili: je, kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na je, itakubaliwa na chama cha taaluma unayoitaka? Wasimamizi wa wafanyakazi wana sheria yao ya mwaka wa 2012, na wanasaikolojia na washauri wana yao ya 2014.

Jihadhari na jambo moja. Elimu hii ni kisu chenye makali pande mbili. Anayejua kinachomsukuma binadamu anaweza kumpunguzia mzigo, au anaweza kumkamua zaidi bila yeye kutambua. Siku utakapokaa kwenye kiti cha mkubwa, jiulize kama mpango wako ungeweza kuueleza waziwazi mbele ya wale unaowaongoza. Ukiona haya kuueleza, basi ubadilishe.

Na wewe baba, mtoto hasomi kwenda kuwatibu wendawazimu. Anasoma ili wenye akili timamu wasifikishwe huko na kazi zao. Wahenga walisema: Mgala muue na haki yake umpe. Kazini hatuui mtu. Haki yake basi tutakosaje kumpa?