Mgonjwa si rehani ya bili

Wengi wetu hapa Pwani tumewahi kupata ombi hili kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa: mgonjwa amepata nafuu, daktari amemruhusu kwenda nyumbani, lakini hatoki mpaka bili ilipwe. Ikiwa ni maiti, uchungu huzidi, kwani wengi wetu huzika siku hiyo hiyo.

Suala hili lilishafika mahakamani. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kuwazuilia wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa ada, kulikiuka haki zao za kikatiba. Pumwani ni hospitali ya umma. Kwa hivyo tusidhani roho ya biashara iko katika hospitali za binafsi peke yake.

Ni haki pia kusema kwamba hospitali haiendeshwi kwa dua. Dawa hununuliwa, stima hulipwa, wauguzi wanangoja mishahara. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara, lakini hospitali zimelalamika mara kwa mara kuwa malipo yao yanachelewa. Pengo hilo humwangukia mgonjwa.

Hatari huja pale pesa inapokuwa kipimo cha kazi. Mapema 2020 zilivuja jumbe za wasimamizi wa hospitali moja ya binafsi Nairobi wakihimizana kufikisha idadi fulani ya wagonjwa wa kulazwa. Kwa muuguzi anayepimwa hivyo, dakika kumi za kumtuliza bibi anayeogopa upasuaji ni hasara.

Na hata kibiashara, kumzuilia mtu hakuna faida. Bili inazidi kupanda, naye hana pa kuitoa, huku mgonjwa mwingine akikosa kitanda.

Deni la hospitali lidaiwe kama madeni mengine: kwa maandishi, kwa awamu, hata kortini ikibidi. Lakini mtu aende kwao. Wawakilishi wadi wetu waanze kwa kuitaka kila hospitali ya kaunti itangaze kila mwezi ni wangapi walioruhusiwa na daktari lakini bado wamezuiliwa wadini kwa sababu ya pesa. Tukiijua idadi hiyo, tutajua pia nani wa kuulizwa.