Visiki Hai Navyo Vihesabiwe

Mkulima wa tumbaku wilayani Uyui huulizwa amepanda miche mingapi ya miti. Visiki alivyoviacha hai shambani hakuna anayeviulizia. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tunapokosea.

Mtundu na myombo, miti inayotawala pori la huku, haijitegemei. Mizizi yake midogo imevikwa kuvu, nazo hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele zikisaka fosforasi na naitrojeni ambazo mzizi peke yake usingezifikia. Mti hulipa kwa sukari. Mninga una washirika wengine: kuvu za aina tofauti, pamoja na bakteria wa kwenye vinundu wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kwa hiyo mti gani ustawi wapi, na jirani yake awe nani, huamuliwa pia chini ya ardhi.

Uyoga wa manjano unaouzwa barabarani wakati wa mvua huzaliwa na kuvu za mizizini mwa mtundu na myombo. Miti hiyo ikitoweka, na uyoga huo hutoweka.

Tumbaku nayo hupenda shamba jipya. Ikilimwa mfululizo, minyoo fundo hujaa mizizini, mkulima akafyeka pori kwingine. Bani la kukaushia tumbaku nalo linadai kuni. Mti uliokatwa tu huchipua kisikini, na kuvu zake hubaki na mwenyeji. Kisiki kikishang'olewa na kuchomwa, hazina pa kuishi. Mikaratusi tunayopanda badala yake ni kuni nzuri, hatuipingi, ila haiurudishi mtundu.

Afrika Mashariki ilishauona utegemezi huu wa kuvu kwa misonobari ya kigeni: miche ilidumaa vitaluni mpaka ilipochanganyiwa udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokomaa.

Halmashauri ya wilaya pale Isikizya na vyama vya msingi vya ushirika waongeze safu moja kwenye fomu zao: visiki hai kwa ekari. Mwenye visiki vingi apunguziwe idadi ya miche anayodaiwa. Na anayeotesha mtundu atie kwenye viriba udongo kidogo wa chini ya mtundu mkubwa. Watafiti wa kilimo wa Tumbi wako jirani. Wamwonyeshe kiasi gani kinatosha.