Pipa la maji mlangoni: tovuti ya habari isianguke siku tunayoihitaji

Katikati ya Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, watu wengi hapa Kindu walitaka kitu kimoja tu, habari. Mwenye dada kule Kadutu, mwenye mtoto chuoni, mwenye mume aliye njiani, kila mmoja alishika simu yake. Na saa ile ile tovuti yetu ndogo ya habari ikasimama. Unagusa, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha ukurasa mweupe. Mama mmoja aliyekimbilia Alunguli na watoto wake aliniambia alimaliza mega zote akijaribu kufungua habari moja, na hakuisoma hadi kesho yake. Neno lile limenikaa moyoni.

Tulishauriwa kulipia seva kubwa zaidi. Mimi napinga, ndugu wasomaji na wasikilizaji, na sababu yangu si ubahili.

Fikiria mama mwenye watoto kumi. Kila mtoto akisema ana kiu, mama anatelemka Lualaba na kikombe kimoja, anapanda nacho, anampa, kisha anatelemka tena kwa ajili ya mwingine. Jioni haijafika ameanguka. Tovuti yetu ilifanya kazi hivyo. Kila aliyefungua habari, seva ilianza upya: kutafuta maandishi kwenye hifadhi, kupanga picha, kuunda ukurasa, kuutuma. Watu elfu moja wakiuliza habari ile ile, ukurasa ule ule uliundwa mara elfu moja.

Mama mwenye akili huweka pipa mlangoni. Kwa kompyuta, pipa hilo huitwa kache, na mlinzi anayesimama mbele ya seva kugawa maji yake ni proksi. Wa kwanza akiuliza, proksi inakwenda kwenye seva, inaleta ukurasa na kubakiza nakala. Wanaofuata wanapewa nakala, na seva inapumzika. Programu ya kufanya hivyo ni ya bure. Nginx imetolewa kwa umma tangu 2004. Varnish ya 2006 ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya gazeti la Norway, Verdens Gang, ambalo lilikuwa na shida kama yetu, ila kwa ukubwa wa kwao: mashine tatu zilichukua kazi ya kumi na mbili.

Kwa Nginx, fundi anaandika mistari michache tu: mahali pa kuweka nakala, muda wa kuzitunza, na seva ya nyuma iko wapi. Kuna mistari miwili ambayo mimi ningeidai hata kama fundi ana haraka. Wa kwanza unasema nakala ikiwa bado haipo kwenye pipa, mmoja tu aende kuileta na wengine wangoje, wasikimbilie seva wote pamoja. Wa pili unasema seva ikikosa kujibu, toa nakala ya zamani kuliko kutoa ukurasa mweupe.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Wanataka nakala zikae saa moja, ili kazi ipungue kabisa. Kwa habari za mpira, sawa. Lakini habari ya usalama barabarani si habari ya mpira. Njia iliyokuwa salama saa nne inaweza kuwa imefungwa saa tano, na familia yenye mizigo kichwani inafuata ilichosoma. Kurasa za usalama zikae dakika moja tu. Hata dakika moja inatosha: watu mia tano wakifungua ndani yake, seva inafanya kazi mara moja. Na kila habari ibebe saa na tarehe juu kabisa, kwa herufi kubwa, ili aliyepewa nakala ya zamani ajue ni ya zamani.

Lipo jambo lingine, zito zaidi. Fomu ya kutafuta ndugu waliopotezana, ambako mtu anaandika jina la mtoto wake na nambari ya simu, isiingie kwenye kache hata siku moja. Siku ya Noeli 2015, mpangilio wa kache wa duka la michezo la Steam ulikosewa, na wateja wakaanza kuona kurasa za wateja wengine. Kampuni ilisema watu wapatao 34,000 waliguswa. Kule ilikuwa michezo. Hapa, anwani ya mtu aliyekimbia ikionekana na asiyestahili, ni maisha yake.

Niseme wazi pia: proksi ikiwa Ulaya pamoja na seva, itaiokoa seva, haitapunguza mega zako. Ndiyo maana ninaomba ya pili, hapa hapa Kindu, kwenye redio ya mtaa. Kompyuta ndogo inayotosha kiganjani inaweza kazi hiyo, pamoja na Wi-Fi ya uani. Agosti 2023, maporomoko ya chini ya bahari kwenye bonde la mto wetu huu, kule unakomwagia Atlantiki, yalikata nyaya za WACS na SAT-3, na intaneti ikadhoofika. Siku kama hiyo, aliyefika uani angesoma habari za mwisho zilizobaki kwenye pipa. Isingekuwa Facebook wala WhatsApp, maana hizo zina funguo za wenyewe. Ingekuwa tovuti yetu tu.

Kinachokosekana ni umeme wa uhakika wa kuwasha kompyuta hiyo usiku, na mtu wa kuichunga. Fundi tunaye. Wenye betri ya sola isiyotumika, na ninajua mpo, pale Kasuku na Mikelenge, pitieni redioni kabla mvua hazijaanza.