BANGO LA FILAMU NALO NI MIZANI: TUSIPUNJE

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, wamo vijana wetu hapa Moshi wanaotafuta riziki kwa kusanifu mabango na tovuti za kutangaza filamu. Wapo wanaowaambia: "Hizo ni picha tu, dini haihusiki." Wapo pia wanaowafukuza kwa neno moja, "haramu", kisha wasiwafundishe lolote. Makundi yote mawili yamekosea. Hatuingii hapa katika hitilafu za wanazuoni juu ya hukumu ya picha. Tunazungumzia lile wasilohitilafiana: udanganyifu katika biashara.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akabainisha kuwa mdanganyifu si katika sisi. Bango ni sehemu ya juu ya lundo. Mtazamaji huliona hilo, hulipa, ndipo akajua kilichomo.

Mlima wetu umeanza kutumiwa hivyo zamani. Mwaka 1952 Hollywood ilitoa filamu ya The Snows of Kilimanjaro. Jina la Mlima likauza hadithi ya mwandishi mgonjwa anayekumbuka mapenzi yake ya Paris. Wenye migomba na mifereji wa Machame na Marangu si hadithi yao.

Mwaka 2022 ilizinduliwa The Royal Tour, New York tarehe 18 Aprili na Arusha tarehe 28 Aprili, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza mwandishi Mmarekani Peter Greenberg nchini mwetu. Kuwaita wageni hatukupingi. Utalii ni riziki ya nyumba nyingi za Moshi. Tunachopinga ni kuwaita kwa uongo.

Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1912 na 2011. Basi msanifu anayeinenepesha theluji kwa kompyuta ameghushi. Anayechukua picha ya tembo iliyopigwa Amboseli, Kenya, akaiandika kuwa ni Tanzania, ameghushi. Anayemfuta mpagazi aliyebeba kilo 20 ili mpandaji aonekane shujaa wa peke yake, amedhulumu juu ya kughushi. Na anayetia mwili wa mwanamke nusu uchi katika bango la filamu isiyomhusu, amekusanya uongo na uchafu.

Mtasema: "Mwenye kazi ndiye aliyeagiza." Je, mpima nafaka husalimika kwa kuwa mwenye duka ndiye aliyemwamuru apunje? Surat al-Mutaffifin inatosha kuwa onyo.

Enyi vijana, isomeni fani hii na muishike barabara. Nanyi wazee na maimamu, wafundisheni badala ya kuwafukuza. Siku ya Hesabu kila mkono utaulizwa juu ya ulichokichora.

Wabillahi tawfiq.