Kamera ya ulinzi Nchelenge: Itazame mlango wako, si njia ya jirani

MFANYABIASHARA anayeacha mzigo wa dagaa Kashikishi na kuvuka Ziwa Mweru kwenda Pweto au Kilwa, upande wa Kongo, haogopi mawimbi peke yake. Anaogopa pia nyumba aliyoifunga nyuma yake. Hofu hiyo wanayo hata waliorejea Kongo tangu Desemba 2021, wakimbizi wa makazi ya Mantapala walipoanza kurudi kwa hiari kupitia Pweto, na ambao bado wana ndugu au biashara Nchelenge.

Ndiyo maana kamera za ulinzi, ambazo zamani zilikuwa mambo ya benki na nyumba za wakubwa, leo zinaulizwa na watu wa kawaida. Lakini swali la kujiuliza si bei tu, bali ni wapi pa kuifunga.

Wengi huifunga juu kabisa, chini ya paa, ikitazama barabara. Matokeo yake hunasa kofia na utosi wa wapita njia, si sura ya mwizi. Mwizi hupitia mlangoni, dirishani au uani. Kamera ya kwanza itazame mlango wa mbele, kwenye kimo cha mita mbili na nusu hivi, mkono usipofika. Ya pili iende mlango wa uani, na ya tatu, uwezo ukiruhusu, stoo ya mzigo.

Nchelenge iko ufukwe wa mashariki, hivyo jua huzama upande wa ziwa. Kamera inayotazama ziwa hupigwa na mwanga jioni, na kila ajaye huonekana kivuli cheusi. Umeme nao ni tatizo. Ukame wa 2024 ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia iliingia katika mgawo mkali. Kamera isiyo na betri au sola siku hizo ilikuwa pambo tu. Na picha zikihifadhiwa ndani ya kamera yenyewe, mwizi akiing'oa ameondoka na ushahidi. Kifaa cha kurekodi kifichwe ndani ya nyumba.

Hata hivyo, lililo gumu zaidi ni jirani. Katika mwambao huu wapo waliokimbia vita, na mtu aliyewahi kusakwa hapendi kurekodiwa kila aingiapo kwake. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mkazi wa Jamhuri ya Czech aliyevunjiwa vioo. Kamera yake ilinasa watuhumiwa, lakini ilitazama pia njia ya umma na mlango wa nyumba ya pili. Mahakama ikasema hayo si matumizi ya nyumbani tu, hivyo sheria ya taarifa binafsi inamhusu. Uamuzi huo hauifungi Zambia, lakini nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2021.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda boti, mwite jirani umwonyeshe kamera inaona nini. Ikigusa mlango wake, igeuze. Kamera hunasa sura, lakini haipigi yowe usiku. Anayepiga yowe ukiwa ng'ambo ni jirani huyo huyo, na ukimfanya mshukiwa, hata wizi akiuona atanyamaza.