Kabla ya kusema ni uzee tu

Mama yangu alipelekwa zahanati mara tatu katika mwaka mmoja. Alikuwa akisahau sufuria jikoni, na akitembea alishika ukuta. Mara zote tatu tuliambiwa: ni uzee tu. Mara ya nne muuguzi mmoja alimwomba ainuke kitini bila kushika popote, atembee hatua chache, ageuke, arudi kuketi. Kisha akataka dawa zote za nyumbani zimwagwe mezani. Zilikuwamo dawa za presha za aina moja kutoka vituo viwili, na mama alikuwa akimeza zote. Alipopunguziwa, hakurudi ujanani, lakini ukuta aliuacha.

Maneno hayo matatu, ni uzee tu, ndiyo yaliyonifanya niliweke suala la kupima wazee mbele ya mengine yote katika toleo hili. Mzee akianza kusahau, huenda ana upungufu wa damu, au wa vitamini B12, au tezi ya shingo imelegea, au ana sonona, au hasikii vizuri na hakuna aliyemtazama masikio. Akivurugika ghafla, ndani ya siku mbili, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Hayo yanatibika, lakini sharti kwanza mtu apime.

Sasa apime kwa kipimo gani? Kipimo cha akili kilichoenea zaidi duniani kilitungwa Marekani mwaka 1975. Humtaka mtu atoe saba kutoka mia, tena saba, tena saba, aandike sentensi, anakili pembetano mbili zilizopishana. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atapata alama za mgonjwa, na kilichomwangusha ni shule aliyonyimwa utotoni. Kumwandikia demensia, yaani ugonjwa wa akili kudhoofika, kwa njia hiyo ni dhuluma sawa na ile ya kumpuuza.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikutana na tatizo hilo ana kwa ana. Uchunguzi wao wa miaka ya 2009 na 2010 ulikuta demensia kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Baadaye wao na wenzao wa Nigeria wakatengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika, kiitwacho IDEA. Kuchora kuliondolewa, badala yake mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Huulizwa daraja ni nini. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Nalipenda jambo hili la kiberiti kuliko mashine nyingi nilizowahi kuonyeshwa, kwa kuwa aliyelibuni alianza na mikono ya mzee aliyekuwa mbele yake.

Na mwili usiachwe nyuma. Tangu 2001 madaktari wengi hutafuta dalili tano za unyonge wa uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono usiokaza, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli. Zikifika tatu, mwili umeishiwa akiba. Homa ndogo tu yaweza kumlaza mzee kitandani mwezi mzima, na akili ikapotea humo humo. Ili kuutambua unyonge huo, huko Hai walijaribu hata kupima mzunguko wa shavu la mguu, kazi inayowezekana kwa futi ya fundi cherehani.

Kinachokosekana zahanati ni muda, kwa sababu foleni ni ndefu na mzee hasemi haraka. Ndiyo maana naona kazi hii ianzie kwa mhudumu wa afya wa mtaa, nyumbani, pale atakapoona pia choo kiko umbali gani, nani anapika, na kama mzee anayetangatanga usiku ameanza kuitwa mchawi na majirani. Mkoba wake uwe na kiberiti, futi na saa. Mengine atayauliza akiwa ameketi mkekani, na asubiri mzee amalize kujibu.