Mnada wa mtandaoni: tusikubali kuliwa dakika za lala salama



Kila msimu wa korosho, ufuta na mbaazi tunaambiwa kwamba janja janja imekwisha kwa sababu mnada sasa unapita kwenye mfumo wa TMX. Mnunuzi anaweka bei yake akiwa popote, mambo yanaonekana kwenye skrini, kazi imeisha. Mimi siupingi mtandao. Ninachokataa ni hii imani kwamba kompyuta ikishaingia, basi haki nayo imeingia. Kompyuta inatekeleza kanuni zilizoandikwa na watu. Na kwenye mnada, kanuni mbili tu zinaweza kuamua nani anaondoka na hela: mnada unafungwaje, na bei ya chini anaijua nani.

Nianze na kufunga. Mnada wa mtandaoni unaojulikana zaidi duniani ni eBay ya Marekani, iliyoanza mwaka 1995. Pale kila mnada una saa yake ya mwisho, saa ikigonga hakuna nyongeza. Unaiambia mashine kiwango chako cha juu, nayo inakupandishia dau kidogo kidogo kila mwenzako anapopanda. Ukishinda, unalipa juu kidogo tu ya dau la aliyekufuata. Kwa hesabu hiyo hakuna sababu ya kusubiri. Weka kiwango chako cha kweli, nenda kalale.

Lakini watu hawalali, wanavizia. Mtu anakaa kimya siku zote, zikibaki sekunde chache anatupa dau lake, na wenzake hawana muda wa kujibu. Kuna hadi programu za kuvizia kwa niaba yako. Na mviziaji ana akili zake. Anajua akijitokeza mapema, wengine watampandia. Tena kama ni mjuzi wa bidhaa, dau lake la mapema linawafundisha wengine kwamba kitu hiki kina thamani. Kwa hiyo anaificha nia yake hadi mwisho. Anayeumia ni muuzaji, maana ushindani unakatwa kabla haujakolea, pamoja na mnunuzi wa kawaida ambaye hakujua mchezo wenyewe unachezwa dakika za lala salama.

Mwaka 2002 wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti wao juu ya jambo hili. Walilinganisha eBay na minada iliyokuwa ikiendeshwa na Amazon wakati ule. Kwa Amazon, dau likiingia dakika za mwisho mnada ulisogezwa mbele, na haukufungwa mpaka dakika 10 zipite bila dau jipya. Matokeo yao ni ya kuyatafakari. Kwenye eBay, zaidi ya theluthi mbili ya minada ilipata dau ndani ya saa ya mwisho. Kwa Amazon ilikuwa kama robo tu. Kwenye eBay wazoefu ndio waliovizia zaidi, kwa Amazon wazoefu walivizia kidogo. Binadamu ni walewale, kilichotofautiana ni kanuni ya kufunga.

Hili si jambo geni kwetu. Dalali wa mnadani anahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mtu akinyoosha mkono katikati, anaanza kuhesabu upya. Nyundo haishuki mpaka wote wamenyamaza. Sasa inakuwaje tuhamie kwenye mtandao halafu tuipoteze haki ambayo dalali wa mdomo alikuwa anatupa?

La pili ni bei ya chini. Muuzaji ana haki ya kusema chini ya hapa siuzi. Swali ni je, aitangaze au aifanye siri? Wachumi Rama Katkar na David Reiley walijaribu kwa vitendo kwenye eBay. Walinadi jozi 50 za kadi za Pokémon zinazofanana. Katika kila jozi, kadi moja ilikuwa na bei ya chini ya wazi, nyingine bei ileile lakini ya siri. Siri ikamuumiza muuzaji mwenyewe: wanunuzi makini walikaa pembeni, kadi chache zaidi ziliuzwa, na bei ya kutarajia ikashuka.

Na hao walikuwa wanauza kadi zao wenyewe. Kwenye mazao na mali ya umma hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu siri ya ofisini mara nyingi inakuwa siri kwa mkulima tu. Anayemjua mtu atanong'onezwa, na siri yenyewe itageuka kuwa bidhaa.

Wapo watakaosema bei ikitangazwa, wanunuzi wataing'ang'ania hiyo hiyo. Kweli, wakiwa wachache na wanajuana hilo linawezekana. Lakini dawa yake ni kuongeza wanunuzi. Kuficha hakuvunji genge la wanunuzi watatu.

Wala sisemi bei ya chini ni muujiza. Julai 2021 Kenya iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo wa KTDA kwenye mnada wa Mombasa. Baadaye chai nyingi ilikosa wanunuzi ikalundikana maghalani. Na sisi tunaikumbuka korosho ya 2018. Wakulima wa kusini walizikataa bei za mnadani zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Novemba mwaka huo Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300, jeshi likapelekwa kusomba mzigo, na wakulima wengi wakasota miezi wakisubiri malipo. Bei inayotamkwa jukwaani bila hesabu ya soko haimlindi mkulima, inamhamishia foleni nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao naomba tuubebe kama jumuiya ya vijana, ni huu:

1. Kanuni ya kufunga kila mnada wa mazao na mali ya umma mtandaoni iandikwe kwa Kiswahili na itangazwe kabla ya msimu. Pale ambapo wanunuzi wanaonana bei na kupandiana, dau la mwisho lisogeze saa mbele.

2. Bei ya chini iwekwe wazi kwa wote kwa wakati mmoja, pamoja na hesabu iliyoizaa: gharama za mkulima, bei ya soko la dunia, usafiri na makato.

3. Mnada ukifungwa, orodha ya madau yote na muda yalipoingia ibandikwe kwenye ofisi ya AMCOS siku hiyo hiyo, ili mkulima anayeulizwa kama anakubali bei ajue anakubali nini.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji bajeti mpya. Mfumo tayari unatunza kumbukumbu hizo. Kinachohitajika ni mtu wa kuziuliza, na hao ni sisi. Kila kijana mwenye mzazi au shangazi mwenye shamba aende kwenye mkutano wa chama cha msingi kabla ya mnada wa kwanza, asimame, aulize maswali mawili: unafungwaje, na bei ya chini ni ipi? Wakishindwa kujibu mbele ya wakulima, tutakuwa tumepata jibu.